Breki Zilizopakwa Rangi

Kila jioni ilikuwa hivyo hivyo. Mume alilizungusha gari mtaani, akarudi, akaliegesha chini ya bati kando ya nyumba. Mke, mshonaji wa nguo, aliacha cherehani yake. Alichukua ndoo ya maji yaliyosalia ya kufulia, akayamwagia magurudumu ili vumbi litoke. Kisha walilifunika gari kwa turubai, yeye huku na mumewe kule, kama wazazi wanaomfunika mtoto shuka.

Jumatatu ile mshonaji alianza na gurudumu la mbele la kushoto.

Chwaaa!

Maji yalilia kama yamemwagwa kwenye kikaango cha moto. Mvuke mweupe ulimrukia usoni. Ndoo ilimtoka mkononi, ikabingirika hadi mlangoni.

"Mama yangu wee! Baba watoto! Njoo, gari linaungua!"

Mume alitoka mbio na kandambili moja mguuni.

"Linaungua wapi?"

"Hapo! Gurudumu hilo! Usiliguse!"

Mume alichutama. Kupitia kwenye matundu ya rimu aliona kile chuma cha breki alichokipaka rangi nyekundu kwa mkono wake mwenyewe. Rangi ilikuwa imevimba malengelenge. Sehemu nyingine ilikuwa nyeusi tii. Ilinuka kama plastiki iliyotupwa motoni.

"Ni joto la kawaida tu," alisema.

Maneno yalikuwa ya mtu jasiri, lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyepigwa na butwaa.

Mshonaji alikaa kwenye ngazi. Alikuwa akiwaza jambo moja tu: Jumapili.

Jumapili binti yao wa mwisho alikuwa anaondoka. Alikuwa amepata kazi yake ya kwanza kwenye mji ulio ng'ambo ya milima. Njia ya huko ina mteremko mrefu wenye kona kali. Na angepita huko peke yake, ndani ya gari hili.

Lilikuwa gari la michezo la zamani, lenye milango miwili. Lilikuwa fupi, limelala chini kama linanusa barabara. Liliachwa na marehemu kaka wa mumewe. Kwa miaka mitatu lilisimama pale pale, likinyeshewa na kupigwa na jua. Binti alipopata kazi, baba alisema, "Gari la baba yako mkubwa ni lako. Mimi nitalirudisha ujana wake."

Baba alikuwa fundi rangi. Nyumba nyingi za mtaa ule zilikuwa zimepita mikononi mwake. Kwa hiyo alilishughulikia gari kwa njia aliyoijua. Alipiga msasa, akafuta kwa tina ya kuyeyushia rangi, akapaka rangi. Alipofika kwenye breki aliona kutu. Aliuliza dukani bei ya kalipa mpya, yaani kile chuma kinachobana diski, sahani ya chuma ya gurudumu, ili gurudumu lisimame. Aliambiwa za gari lile huagizwa kutoka mbali. Bei yake ilimtoa jasho. Akarudi nyumbani, akachukua msasa.

"Nampigia wifi," mshonaji alisema sasa.

"Usimpigie! Yule nilimfundisha baiskeli mimi. Leo aje anifundishe gari?"

Mshonaji hakuwa mtu wa kubishana. Kwa kawaida neno la mumewe likitoka, lake lilirudi tumboni. Lakini jioni ile aliinuka, akaingia ndani, akapiga simu.

*

Wifi yake alifika asubuhi, amevaa ovaroli, mkononi kabeba sanduku la spana. Alikuwa mwalimu wa breki katika chuo cha ufundi. Vijana wote wa chuo walimwita Mwalimu Breki, na yeye aliitika.

"Wifi, hujambo? Sauti yako jana ilinifanya nitafute kanga ya msiba."

"Sijambo, wifi. Karibu. Mgonjwa yuko nje."

Kaka mtu alikuwa amesimama kando ya gari, mikono kifuani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja kunicheka?"

"Bado. Ngoja nione kwanza kama kuna cha kuchekesha."

Alilegeza nati za gurudumu kidogo. Aliweka vizuizi nyuma ya magurudumu mengine. Alinyanyua gari kwa jeki, kisha akaingiza stendi za chuma chini yake.

"Jeki si ya kutegemea," alimwambia mshonaji. "Inaweza kuteleza. Usiingize mkono wala kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake."

Alilishika gurudumu la kulia, akalizungusha. Likazunguka. Alilishika la kushoto. Halikuzunguka. Alilishika kwa mikono miwili, akakaza mwili. Likasogea kidogo huku likikwaruza, likagoma.

"Kaka, umekanyaga breki?"

"Nitakanyagaje na mimi nimesimama hapa?"

"Ndiyo maana nauliza. Hakuna aliyekanyaga, na gurudumu limebanwa."

Wifi alivaa barakoa kwanza, akasema vumbi la breki si la kuvuta puani wala la kupulizwa. Kisha alitoa gurudumu. Chuma chekundu kikaonekana chote.

"Haa! Kaka! Umeipaka kalipa rangi kama kucha za bibi harusi! Wewe ungepewa mgonjwa wa malaria, ungempaka rangi pia."

Mshonaji alitaka kucheka, lakini aliona mumewe amekunja uso.

"Nieleze na mimi, wifi," alisema upesi. "Kile chuma kinafanya nini?"

"Fikiria cherehani yako. Ule mguu unaokandamiza kitambaa, ukimaliza kushona usiponyanyuka, utafanya nini?"

"Sitaweza kukitoa kitambaa. Nikikivuta kitachanika."

"Basi ndivyo ilivyo. Dereva akikanyaga pedali, mafuta ya breki yanaisukuma pistoni, hiki kidude cha mviringo. Pistoni inasukuma pedi, pedi zinabana diski. Dereva akiachia, pistoni inatakiwa irudi kidogo, pedi ziachie. Hii haikurudi. Gari lilikuwa linatembea huku limejikaba lenyewe."

"Na likiendelea hivyo?"

Wifi alipunguza sauti.

"Joto linapanda. Mafuta ya breki yanachemka, yanatoa mapovu. Mapovu hayasukumi kitu. Unakanyaga pedali, inazama hadi chini, na gari halisimami. Mara nyingi hutokea mteremkoni, maana huko ndiko breki zinatumika mfululizo."

Mshonaji aliona zile kona za milimani kama amechorewa. Aliuona mguu wa binti yake unakanyaga, unakanyaga tena.

"Kulikuwa na dalili?" wifi aliuliza. "Gari lilivuta upande mmoja? Lilitoa harufu? Lilikuwa zito?"

"Halivuti," mumewe alisema.

"Na wewe, wifi? Huwa unapanda."

Wiki mbili zilizopita mshonaji alikuwa amelisikia likivuta kushoto. Hakusema siku ile. Na sasa pia hakusema.

"Mimi na magari wapi na wapi," alijibu, akaokota ndoo iliyolala mlangoni tangu jana.

*

Wifi alieleza kwamba kalipa haitupwi ovyo.

"Zipu ya suruali ikiharibika, wifi, unaitupa suruali?"

"Nabadilisha zipu."

"Basi na hapa tutabadilisha zipu. Mwili wa kalipa ukiwa mzima, tunanunua seti ya raba, na pistoni kama imeliwa na kutu. Haifiki hata robo ya bei ya kalipa mpya."

Fundi rangi alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Robo? Kweli?"

"Kweli. Ungeniuliza."

Walikubaliana kuzipeleka kalipa kwenye karakana ya chuo. Kalipa zote mbili za mbele zilifunguliwa pale nyumbani pamoja na diski zake, maana breki za pande mbili hutengenezwa pamoja. Upande mmoja ukishika kuliko mwingine, gari huyumba. Kabla ya kufungua mpira wa mafuta, wifi alikanyaga pedali polepole ili pistoni zisukumwe nje. Ya kulia ilitoka. Ya kushoto ilitoka kwa taabu, milimita baada ya milimita, hadi ikabaki kidogo tu.

Karakanani, mezani, wifi aliimalizia. Raba ya ndani ilipotoka, wote watatu waliinama kuitazama. Ilikuwa imevimba na kulegea kama chingamu iliyotafunwa.

"Nini kimeifanya hivi?" mshonaji aliuliza.

Wifi aliinusa, akamgeukia kaka yake.

"Ulisafisha kwa nini?"

"Kwa tina. Nilimimina kidogo ndani ili kutu itoke. Tina inasafisha kila kitu."

"Inasafisha ukuta, kaka. Raba inaila. Tina, petroli, dizeli, oili ya injini, vyote ni sumu kwa raba za breki. Na brashi yako ya waya imechana hiki kifuniko cha vumbi. Na rangi yako imegandisha hizi pini ambazo kalipa inatelezea."

Fundi rangi alikaa kwenye benchi kama mtu aliyekatwa miguu.

"Kwa hiyo mimi..." alisema. "Ile kutu ilikuwa kidogo. Mimi ndiye niliyemaliza kazi."

"Kutu ilianza, wewe ukaisaidia."

"Mtoto wangu mwenyewe," alisema, akafunika uso kwa mikono yenye madoa ya rangi nyeupe.

Wifi aliacha utani. Alikaa karibu yake.

"Kaka, tumeona Jumanne. Hatukuona Jumapili. Inuka, nishikie hii taa."

Akainuka.

Pistoni ya kulia ilikuwa na madoa mepesi tu, ikasuguliwa ikang'aa. Ya kushoto ilikuwa na vishimo. Wifi alipitisha ukucha juu yake, ukanasa. "Ukucha ukinasa, haifai tena," alisema, akaiandika kwenye orodha ya kununua. Alisafisha kila kitu kwa dawa maalumu ya breki. Raba mpya alizipaka mafuta safi ya breki kabla ya kuzipachika kwa vidole, bila bisibisi. Pini zilipata grisi ya breki inayostahimili joto.

Lakini alipoiangalia diski ya kushoto chini ya taa, alitikisa kichwa. Ilikuwa na nyufa nyembamba kama nywele.

"Joto kali, kisha maji ya baridi. Wifi, usimwagie tena gurudumu la moto."

"Kumbe na mimi nina mkono wangu humu?" mshonaji alishtuka.

"Kidogo. Diski zinabadilishwa zote mbili, na pedi zote mpya."

"Haziwezi kusuguliwa tu?" fundi rangi aliuliza.

"Hapana. Tumebana matumizi panapobanika. Hapa ukibana, utalipia hospitali."

Alikubali bila neno la pili. Siku mbili baadaye, vipuri vilipopatikana, ndiye aliyeshika chupa ya kukingia mafuta wakati dada yake akitoa hewa kwenye mabomba ya breki. Dada alisema "kanyaga", binti aliyekaa kwenye usukani akakanyaga. Dada akasema "shikilia", binti akashikilia. Hadi mapovu yakaisha na mafuta mapya yakatoka safi. Ilipofika kwenye rangi, fundi rangi aliuliza kama anaruhusiwa.

"Ruhusa," dada yake alisema. "Rangi ya kustahimili joto, nje tu. Raba na pini ziko nyuma ya utepe niliobandika. Ukivuka utepe, nakurudisha kwenye kuta."

*

Jumamosi walilijaribu gari. Wifi aliikanyaga pedali mara kadhaa kabla ya kuwasha injini, hadi ikawa ngumu. Alikwenda polepole kwanza, kwenye barabara tambarare isiyo na watu. Alisimama, akaenda, akasimama tena. Kisha alimpa binti usukani, wakashuka mteremko wa sokoni na kupanda tena.

Mshonaji aliwasubiri nje ya nyumba. Alihesabu magari yote yaliyopita. Lile fupi lilipotokea kwenye kona, alijikuta ameuma kidole.

Wifi alishuka, akasogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa.

"Kushoto na kulia sawa. Joto la kazi, si joto la ugonjwa."

Binti alitoka akicheka.

"Baba! Sasa halinivuti!"

Baba aliacha kufuta kioo.

"Kwani lilikuwa linakuvuta?"

"Kushoto. Zile mara mbili ulizonipa niliendeshe. Nilidhani magari ya michezo ndivyo yalivyo."

"Mimi nilizoea kukaza mkono, hata sikujua ninaukaza." Baba aligeuka, akawatazama wote. "Sasa jamani, mbona hakuna aliyeniambia?"

Binti alitazama chini. Wifi alianza kukusanya spana. Mshonaji alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akaufungua tena.

"Mimi nilijua," alisema.

Mumewe alimtazama.

"Siku ile tukitoka sokoni. Lilivuta kushoto na nikanusa kitu kinaungua. Nikanyamaza, kwa sababu ulikuwa unapiga mluzi. Tangu kaka yako afariki sikuwa nimekusikia ukipiga mluzi. Baada ya hapo, kila uliponiambia twende tukazunguke, nilisema nina nguo za watu. Sikuwa na nguo za mtu, baba watoto. Nilikuwa naogopa. Nilitaka kusema simamisha gari, lina kasoro, mwanangu haondoki nalo hivi. Haya, leo nimesema. Na wewe, mama, likikuvuta tena huko uendako, hata kidogo, usijiambie ndivyo lilivyo. Simama. Mpigie shangazi yako. Asipopokea nipigie mimi, na mimi sitanyamaza."