Kisima cha Kumi na Saba

Jumatano, tarehe 3 Julai. Dhaka iliamka na mvua isiyo na haraka, na kufikia saa tatu maji yalikuwa yamefika vifundoni kwenye vibanda vya fotokopi vya soko la vitabu la Nilkhet. Lubaba alikuwa amekunja pindo la sari yake ya rangi ya bilinganya, daftari la darasa la jioni amelibana kwapani. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na ndiyo kwanza alikuwa anajifunza utafiti.

Kaka Mozammel, mwenye mashine, alimkabidhi bunda la karatasi. Nusu ya karatasi hizo haikuwa ya Lubaba.

"Dada, kurasa za visima ni zangu," alisema mwanamume mwenye kanzu fupi nyeupe iliyolowa mabegani.

"Chukua. Ila ukurasa wa nne umesahau nukta."

"Umeshasoma?"

"Nilikuwa nasubiri mvua."

Jina lake Shafkat. Tangu siku hiyo alimwita Bibi Nukta, na kila asubuhi alimpigia simu kutoka kusini, alikokwenda kupima chumvi ya maji ya visima.

"Cha kumi na saba kimenishinda," alimwambia siku moja. "Chupa ya maji yake imeniponyoka kwenye kivuko."

"Sasa utaandika nini?"

"Kwamba imepotea. Ningeandika nini tena?"

Hapo ndipo moyo wa Lubaba ulipomwendea, kwa ukweli wake huo.

Novemba, Mwalimu Dilara wa darasa la jioni alimpa makala ya kwanza kulihakikia jarida la utafiti, yeye mwenyewe akimsimamia. Jina la mwandishi lilikuwa limefichwa.

"Usitafute makosa kama polisi," alimwonya. "Anza na kilicho kizuri. Usimwambie mtu. Na ukimtambua mwandishi, irudishe."

Lubaba alisoma kwa furaha hadi ukurasa wa tisa: *sampuli ya kisima cha kumi na saba ilipotea wakati wa kuvuka mto.* Akacheka. Kisha kicheko kikamkauka.

Fomu ya kurudisha makala iliuliza: una uhusiano gani na mwandishi? Lubaba aliswali alasiri, akakaa juu ya mkeka muda mrefu, akimwomba Mungu ujasiri. Halafu akaandika: *Nampenda. Yeye bado hajui.*

Mwalimu Dilara alisoma, akavua miwani, akaituma fomu kwa mhariri ili makala ipewe mhakiki mwingine.

Wiki tatu baadaye simu ililia.

"Wamenitaka nirekebishe makala yote," alisema Shafkat. Sauti ilikuwa baridi. "Mhakiki anasema visima vyangu ni vichache. Maneno yaleyale uliyoniambia tukinywa chai. Ni wewe?"

"Siwezi kusema."

"Lubaba, ndiyo au hapana?"

"Makala bado iko kwa mhariri. Siwezi."

"Haya. Nimeelewa."

Hakupiga tena. Lubaba alihudhuria darasa, alipika dengu, alijibu salamu za watu. Kwenye sijda tu ndipo alipolia. Neno moja lingemrudisha Shafkat, na neno hilo alikuwa amemwahidi Mwalimu kutolisema hadi mhariri aamue.

Februari, Mwalimu Dilara alimwita.

"Uamuzi umetoka. Fomu yako ni yako, mwonyeshe umtakaye. Twende kibandani, nikushike mkono."

Kaka Mozammel ndiye aliyempigia Shafkat, akidai amesahau karatasi kibandani. Alikuja mbio, ndevu hazijanyolewa.

"Makala imekubaliwa," alisema, macho chini. "Yule mhakiki alikuwa sahihi. Nimeongeza visima ishirini."

"Sikuwa mimi," alisema Lubaba, akampa ile fomu.

Shafkat alisoma mara mbili, akaketi juu ya katoni ya karatasi kama mtu aliyetua gunia zito.

"Nisamehe. Miezi yote hii ulinyamaza peke yako?"

"Sikuwa peke yangu. Nilikuwa naomba."

"Na huyu asiyejua, ataambiwa lini?"

"Ameshasoma. Ana macho."

Mozammel alizima mashine asikie vizuri.

"Mwalimu, kaka Mozammel, nishuhudieni," alisema Shafkat, akisimama. "Ijumaa mama yangu atakwenda kwao Lubaba na vitamutamu, kuposa."

"Mimi je, siahidi?" aliuliza Lubaba. "Shuhudieni na hili. Makala yake yoyote ikiletwa kwangu kuhakikiwa, nitairudisha. Lakini nyumbani nitaisoma kabla ya mtu yeyote, inshallah, na sitamwonea huruma hata nukta moja."