Vikaratasi Kumi na Kimoja vya Amadeo

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, duka la vifaa vya umeme karibu na reli lilikuwa limejaa mafundi mpaka mlangoni. Albuquerque nzima ilinuka pilipili za kijani zinazochomwa, maana Septemba ilikuwa imeingia, na mle ndani harufu hiyo ilichanganyika na ya kahawa na buti za kazi.

Otilia Tafoya alifika kaunta akiwa na suruali ya jinzi yenye vumbi la chokaa, nywele kasuka mkia mmoja, na masikioni hereni za feruzi alizoachiwa na bibi yake.

"Sakiti breka ishirini, za ampea ishirini," alisema.

Mwuzaji, kijana mrefu aliyevaa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi utadhani anakwenda harusini, aliingia stoo akarudi na boksi. Otilia akalifungua, akalisukuma nyuma.

"Hizi ni za kumi na tano, kaka. Mama wa watu akiwasha maikrowevu na pasi kwa pamoja, jiko zima giza."

"Samahani, dada. Nilikuwa naangalia hereni."

"Hereni hazina ampea."

"Hizo zinazo."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Fundi mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Amadeo Archuleta, tuuzie vitu bwana, utaposa baadaye!" Otilia akainamisha kichwa asionekane anavyotabasamu, lakini Amadeo alikwisha kuona.

Mchana simu ya Otilia ikalia akiwa juu ya ngazi.

"Napiga kutoka dukani. Tunafuatilia kama breka zinafanya kazi."

"Zinafanya kazi. Mwuzaji je?"

"Huyo ameharibika tangu asubuhi. Anahitaji fundi."

"Mwambie fundi hutoka saa kumi na moja, na huwa ana njaa."

Ndivyo ilivyoanza. Mwaka mzima wakawa pamoja, na Septemba iliyofuata ikamkuta Otilia akisoma mpaka macho yanawasha.

Alikuwa na sababu. Yeye na mafundi wenzake watano walifanya kazi chini ya leseni ya mzee mmoja, Don Eusebio Baca. Katika jimbo lile unaweza kuwa fundi wa kuitwa mbali na karibu, lakini kama huna leseni ya ukandarasi, huruhusiwi kutia saini kazi wala kuomba kibali cha kufunga umeme kwenye nyumba ya mtu. Sasa Don Eusebio alikuwa anastaafu. Nyumba alishauza, na tarehe thelathini na moja Oktoba angehamia Tucson kwa wajukuu, leseni yake aondoke nayo. Siku hiyo kampuni ingefungwa, isipokuwa mmoja wao awe na leseni yake mwenyewe. Aliyekuwa ametimiza miaka ya kazi, na karatasi za kuithibitisha zikatiwa saini na kukubaliwa, alikuwa Otilia peke yake. Kilichobaki kilikuwa mtihani.

"Mija," Don Eusebio alimwambia, kwa lile neno la baba kwa binti yake, "mimi nimekufundisha kila kitu isipokuwa kukaa kitini saa nne. Hilo utalijua mwenyewe."

Kila Jumanne na Alhamisi jioni Otilia alikwenda darasani. Siku nyingine Amadeo alimshikia kile kitabu kinene cha kanuni za umeme, akamuuliza maswali huku yeye anaosha vyombo.

"Utakuwa mkandarasi mkubwa wewe," alimtania siku moja. "Utatuma watu waje kununua breka, mimi nibaki na kaunta yangu. Hutanikumbuka tena."

"Usiseme hivyo, mpenzi."

"Natania tu, malkia wangu."

Lakini neno hilo halikumtoka Otilia kichwani.

Jumapili ya kabla ya mtihani, mchana, walikuwa kwa mama yake Otilia. Wanawake walikuwa jikoni wakikaanga mikate na kubishana kuhusu chumvi. Kitabu kilikuwa mezani sebuleni. Amadeo alitoa mfukoni kibunda cha vikaratasi vya njano, vile vya kubandika na kubandua, akaanza kuandika huku anacheka peke yake. Alivibandika kumi na kimoja, kila kimoja kwenye ukurasa aliojua mpenzi wake ataufungua. Alitaka acheke katikati ya mtihani. Basi.

Mtihani ule unaruhusiwa kuingia na kitabu. Unaruhusiwa kukipaka rangi na kukibandika alama za pembeni, mradi ziwe za gundi isiyobanduka. Kikaratasi kinachobanduka ni marufuku. Hilo analijua kila fundi aliyewahi kukaa katika vile viti. Amadeo alikuwa ameuza vitabu hivyo kwa mamia, na vikaratasi vya njano alivipanga kwenye rafu hiyohiyo, lakini mtihani hakuwahi kuufanya.

Kesho yake asubuhi, mlangoni mwa chumba cha mtihani, msimamizi alikamata kitabu cha Otilia kwa mgongo, akakipeperusha. Vikaratasi viwili vikaanguka sakafuni. Akapeperusha tena.

"Binti, hivi ni nini?"

Otilia aliutambua mwandiko wa Amadeo. Dakika tano baadaye alikuwa nje kwenye maegesho, jua linamchoma, kitabu kimezuiwa.

"Umefanya nini, Amadeo?" alifoka kwenye simu.

"Umemaliza tayari? Umeviona? Umecheka?"

"Nimetolewa! Wameandika kwamba nimeibia mtihani! Mwaka mzima wanaweza kunifungia!"

"Otilia... sikujua. Wallahi sikujua."

"Unauza vitabu hivyo kila siku, unaniambia hukujua? Ulitaka nibaki fundi wa kupanga foleni kwenye kaunta yako. Ulisema mwenyewe!"

Akakata. Amadeo alipiga mara tisa. Mara ya kumi simu ilikuwa imezimwa.

Wiki mbili zilipita. Otilia alikuwa anavuta waya ukutani machozi yanamtoka, akiulizwa anasema ni vumbi. Kisha ikaja barua: afike Santa Fe, ofisi ya leseni, tarehe tatu Oktoba, ajieleze.

Amadeo naye alikwenda kwa Don Eusebio, akamkuta amezungukwa na maboksi ya kuhama.

"Don Eusebio, niombee msamaha kwake."

"Mimi?" Mzee alimkazia macho. "Kijana, aliyekosewa si mimi, na anayemshtaki si mimi. Mwandiko ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi kawaambie walioushika, kule Santa Fe."

Tarehe tatu, Otilia alivaa gauni la rangi ya haradali na viatu vya kisigino vilivyombana vidole. Alipoingia kwenye chumba cha mahojiano alikuta mtu amekwisha kukaa: shati jeupe, tai iliyofungwa vibaya.

"Unafanya nini hapa?" alimnong'oneza kwa ukali.

"Nimekuja kushtakiwa," Amadeo akajibu.

Mama aliyeongoza kikao, Bibi Montaño, alikuwa na miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Mbele yake palikuwa na bahasha yenye vile vikaratasi.

"Bwana Archuleta ameapa kwamba mwandiko huu ni wake na kwamba mtahiniwa hakuvijua. Ninachotaka kujua ni kama vina majibu. Bwana, visome. Vyote. Kwa sauti."

Amadeo alinyanyuka. Masikio yalimwiva.

"Cha kwanza. 'Hapa huwa unakosea. Pumua.'"

"Hayo ni maelekezo ya jibu?"

"Hapana, mama. Ukurasa wenyewe siuelewi hata leo."

Karani aliyekuwa akiandika akainama kuficha mdomo.

"Cha pili. 'Hesabu za unene wa waya. Mimi hunishinda hata kurudisha chenji, na bado unanipenda.' Cha tatu... mama, hiki lazima?"

"Lazima."

"'Una shingo nzuri ukiwa unasoma.'"

Otilia alijifunika uso kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kumtikisika, na hata yeye hakujua kama ni kicheko au kilio. Kikaja cha tufaha lililofichwa kwenye mfuko wa koti, na kingine cha mkate wa mama mkwe uliojaa chumvi, na vingine ambavyo karani aliacha kabisa kuandika. Kilipobaki kimoja, Amadeo alikitazama, akamtazama Otilia.

"Cha kumi na moja. 'Ukiipata leseni, hakuna atakayejivuna kama mimi pale kaunta. Ukiikosa, vilevile.'"

Bibi Montaño alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Sijasikia umeme hata kidogo," alisema. "Bibi Tafoya, utarudia tarehe kumi na tisa. Na wewe bwana, maelekezo ya mtihani yana kurasa mbili tu. Kayasome."

"Ndiyo, mama. Leo hii."

Nje upepo ulikuwa unaangusha majani ya manjano. Otilia alivua viatu, akasimama peku.

"Niliona unataka nishindwe," alisema polepole. "Nilikutupia maneno mabaya, Amadeo."

"Nami nilikutupa nje ya mtihani. Nani kamzidi mwenzake?"

"Wewe. Mbali sana."

"Sawa, nakubali. Unanisamehe?"

"Lile la mkate wa mama yangu sijalisamehe." Akamvuta kwa tai yake mbovu, akamkumbatia mbele ya wafanyakazi wote waliokuwa wakitoka kula.

Tarehe kumi na tisa, Amadeo alisubiri kwenye maegesho saa nne nzima. Aliegemea gari lake, akasimama, akakaa, akasimama tena. Hatimaye mlango ukafunguliwa. Otilia alitoka, kitabu alichorudishiwa kiko kwapani, sura haisomeki. Kisha akachomoa karatasi iliyokunjwa mfukoni, akaipunga juu, akaanza kukimbia.

"Themanini na nne! Wanataka sabini na tano tu!"

Amadeo alimnyanyua, akamzungusha mpaka kitabu kikaanguka. Otilia, angali hewani, alimpigia Don Eusebio: "Don, mwambie mkeo apakie! Kampuni haifungwi, watu wako hawalali njaa!" Upande wa pili wakasikia mzee akipiga kelele za shangwe na maboksi yakianguka.

Amadeo alimtua chini. Otilia hakumwachia mkono.

"Nisikilize. Leseni hii ni ya miaka mitatu. Ikiisha itanibidi niombe upya, nijaze fomu upya, niende Santa Fe tena."

"Nitakupeleka."

"Ngoja, sijamaliza." Akamshika na mkono wa pili. "Wewe nakuomba mara moja tu. Nioe, Amadeo."

Amadeo akatikisa kichwa kukubali, akatikisa tena, akatikisa kwa nguvu.

"Sema kwa sauti," Otilia alimwambia, huku anacheka na kulia. "Yote. Lazima."

"Ndiyo," akasema Amadeo. "Ndiyo, mama mkandarasi. Ndiyo."