Na Maziwa Alikunywa Nani?

Kila asubuhi Rosineide, ambaye nyumbani walimwita Neide, aliamka kabla ya wadogo zake pacha, Cosme na Damiana. Alipika kuskusi ya unga wa mahindi kwa mvuke, akakaanga mayai, akamsuka Damiana mikia miwili, kisha akaanza kumsaidia Cosme kutafuta kiatu, maana kila siku iendayo kwa Mungu Cosme alikuwa na kiatu kimoja tu. Pacha walikuwa na miaka saba, Neide kumi na miwili. Mama yao, Ivonete, saa hizo alikuwa ameshakwenda kazini kwenye kiwanda cha kushona mashati.

Waliishi Nazaré da Mata, mji mdogo wa Brazil, pale barabara ya mawe inapokoma na mashamba ya miwa yanapoanza. Nyumba ilikuwa ya Bibi Quitéria, mama yake Ivonete, na makatazo ya Bibi yalikuwa mengi kuliko sahani zake kabatini. Ndala isilale kifudifudi, mama mtu atakufa. Ukishapiga pasi usifungue friji, mdomo utakwenda upande. Na kubwa kuliko yote: ukila embe, usiguse maziwa. Embe likikutana na maziwa tumboni ni sumu.

"Nani alisema?" aliuliza Damiana asubuhi hiyo, mdomo umejaa kuskusi.

"Nimesema mimi," akajibu Bibi.

"Na wewe alikwambia nani?"

"Kula, mtoto wewe! Maswali hayashibishi."

Hilo ndilo lilikuwa swali la pacha. Walimuuliza padri, walimuuliza dereva wa basi, walimuuliza hata daktari wa meno akiwa na koleo mkononi. Nani alisema?

Wiki hiyo mwalimu wao, Lindalva, alitangaza Maonyesho ya Sayansi ya Familia. Kila nyumba yenye mtoto katika madarasa ya chini ilete jaribio moja. "Dada na kaka wanaweza kusaidia," alisema mwalimu, "lakini mikono na vichwa viwe vya wadogo. Sitaki kuona kazi ya baba imebebwa na mtoto."

Neide alishapanga. "Tutafanya volkano. Siki na magadi ya mikate, povu linaruka, watu wanapiga makofi, tunarudi nyumbani."

"Hatutaki," alisema Cosme.

"Mdogo wake Wellington wa darasani kwako anafanya volkano," alisema Damiana. "Na nusu ya shule. Kwani hapa volkano iko wapi? Umeiona wapi?"

"Haya, mnataka nini?"

Pacha wakatazamana, kisha wakasema kwa pamoja, "Tunataka kujua kama embe na maziwa huua."

Bibi Quitéria, aliyekuwa akipepeta maharage, aliweka ungo chini polepole. "Mkithubutu," alisema, "mtapika na kulala nje. Nyumba hii haitatoa jeneza kwa ajili ya masomo."

Ivonete aliporudi jioni alisikiliza pande zote, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi. "Mama, hawa wanauliza tu."

"Hata waliokufa walianza kwa kuuliza tu."

"Basi tutafanya Jumapili, nikiwepo mwenyewe," alisema Ivonete. "Neide, umenisikia? Msianze bila mimi."

Bibi akanuna. Lakini pacha walikuwa wameshapata karatasi ya manila, na jambo la kwanza walilotaka kuchora lilikuwa jibu la swali lao: nani alisema? Wakakaa miguuni pake. Bibi akawaacha waulize, akidhani ukweli ungewakomesha.

"Mimi niliambiwa na mama yangu," alisema.

"Na yeye?"

"Na mama yake, aliyekuwa akikata miwa na kukamua ng'ombe shamba la bwana mmoja huko nyuma ya mto."

"Na yeye?"

"Yeye na wenzake waliambiwa na msimamizi wa shamba. Maembe yalikuwa yameanguka kila mahali, hayana mwenyewe, watu wanakula bure. Msimamizi akasimama mlangoni pa zizi akawaambia: nyie mnaokula maembe, msiguse maziwa ya bwana, mtakufa kama nzi."

Damiana alikuwa anamchorea msimamizi masharubu. Cosme akakuna kichwa.

"Na maziwa alikunywa nani?"

Bibi akauchukua ungo wake. "Nendeni mkanawe," alisema.

Jumamosi, Ivonete akiwa kazini na Bibi akiwa kanisani akipanga maua, Neide aliona hakuna haja ya kungoja Jumapili. Jumapili alitaka kuwa huru. Asubuhi na mapema alitoa mfuko wa maziwa kwenye friji, akauweka mezani karibu na dirisha pamoja na maembe, ili vyote viwe tayari. Mara akasikia ngoma za maracatu, zile za kanivali, zikifanya mazoezi uwanjani. Akasema naenda kidogo tu. Kidogo ya ngoma mnaijua. Aliporudi jua lilikuwa limevuka utosi, na lilikuwa limekaa juu ya meza ile muda wote.

Alisaga embe na maziwa kwenye blenda bila kuyachemsha wala kuyanusa. Damiana alionja kwa ncha ya ulimi, akakunja uso. "Makali."

"Ni ukali wa embe. Kunyweni."

Damiana akakataa. Cosme, ambaye hakuwahi kuacha kitu kwenye kikombe, akanywa chake na cha dada yake.

Jioni Cosme alianza kushika tumbo. Kisha alitapika, akatapika tena, mpaka macho yakaingia ndani. Ivonete alimbeba mgongoni hadi zahanati. Nesi alimpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, akasema tumbo limechafuka, atapona. Lakini nyumbani habari zilikuwa zimeshatangulia. Jirani yao, Mzee Biu, alikuwa ameshasimama getini na kofia mkononi kama mtu aliyekuja msibani.

"Embe na maziwa," alisema akitikisa kichwa. "Si walikatazwa?"

"Nilisema!" Bibi Quitéria alilia, rozari imezunguka ngumi. "Nilisema, nikaitwa mshamba!"

Ivonete alimgeukia Neide. "Nilikwambia ungoje. Kulikuwa na nini humo?"

"Embe na maziwa," alisema Neide. Wala hakudanganya. Ila ukweli ule ulikuwa nusu, na nusu nyingine aliimeza. Kuhusu jua, meza na ngoma hakusema neno. Embe na maziwa walikuwa wameshabeba makosa ya watu wengi kabla yake. Hili moja lingewaongezea nini?

Kesho yake Cosme alikuwa mzima, amekaa kitandani, midomo imepauka. Bibi alikuwa ameamua: karatasi ile itupwe, wafanye volkano kama watu wenye akili. Neide alimletea mdogo wake kipande cha embe, lile refu liitwalo upanga, analolipenda kuliko pipi. Cosme akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Sitaki. Litaniua."

"Halikuui, Cosme."

"Lilikaribia. Sili tena. Na watoto wangu nitawakataza."

Damiana alikuwa sakafuni na karatasi yake ya manila. Alikuwa amemchora msimamizi mwenye masharubu, kisha mkata miwa, kisha mama yake Bibi, kisha Bibi, wote wameshikana mikono. Sasa alikuwa anachora mtu mdogo mwishoni.

"Huyo nani?" aliuliza Neide.

"Cosme. Na yeye sasa anasema." Damiana aliinua kalamu. "Mtoto wa Cosme nimchoree nywele gani?"

Neide aliuangalia ule mnyororo. Wale wote waliambiwa na mtu. Cosme yeye alikuwa ameambiwa na nani, kama si na ukimya wake? Akaichukua karatasi, akaenda nayo jikoni walikokaa mama na Bibi.

"Maziwa yalikuwa yameharibika," alisema. "Mimi ndiye niliyeyaharibu. Niliyaacha juani tangu asubuhi nikaenda kwenye ngoma. Damiana alisema ni makali, nikamwambia anywe."

Ivonete aliweka kisu chini. Bibi akacheka kwa kejeli. "Mnamsikia? Anatunga ili jaribio lake lisife."

"Natunga?" Sauti ya Neide ilipanda, na safari hii hakuishusha. "Bibi, ningetaka kujiokoa ningenyamaza! Kimya ndicho kilichokuwa kinanisaidia. Mzee Biu ananiamini, wewe unaniamini, mtaa mzima unasema ni embe. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa najua si embe. Hata ukinipiga, si embe!"

"Unanipandishia sauti?"

"Nakuomba radhi kwa kupandisha sauti. Kwa maneno sikuombi."

Ivonete alisimama. "Kwa kutonisikiliza na kwa kumpa mdogo wako kitu kibovu, ngoma hutaziona mpaka mwisho wa mwezi, na vyombo vya nyumba hii ni vyako. Na kwa kusema…" Akaikunjua karatasi mezani. "Kwa kusema, lete sufuria. Tutalifanya jaribio hilo inavyotakiwa."

Safari hii pacha ndio waliokuwa na amri. "Tubadilishe kitu kimoja kimoja," alisema Damiana, "tujue mwenye kosa ni nani." Ivonete alichemsha maziwa mapya, wakayapoza kwenye friji. Siku ya kwanza walikula embe peke yake. Siku ya pili wakanywa maziwa peke yake. Siku ya tatu wakayachanganya. Na kila siku waliacha kikombe kimoja cha maziwa matupu dirishani, juani, kwa ajili ya kunusa tu, pasipo mtu kuonja. Siku hiyo ya tatu Ivonete alikunywa, Neide alikunywa, Damiana alikunywa. Cosme alisita, akafumba macho, akanywa. Kisha wote walikaa sebuleni wakisubiri kufa. Bibi alikuwa barazani na rozari, amewapa mgongo.

Hawakufa. Cosme akaomba kikombe kingine. Kikombe kilichokaa dirishani, ambacho hakikuwahi kukutana na embe hata kwa salamu, kilikuwa kinanuka mpaka paka alikikwepa.

Siku ya maonyesho ukumbi wa shule ulijaa volkano. Wellington, aliyesoma darasa moja na Neide, alikuwa amesimama na mdogo wake kando ya mlima mkubwa wenye taa ndani. Kila mtu alijua umejengwa na baba yao, na mdogo wake hakuruhusiwa kuugusa.

"Neide!" aliita Wellington. "Leo mnaua nani? Mmekuja na jeneza au tuazime?"

"Tutaanza na wewe. Una kiu?"

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyeisogelea meza yao. Vikombe vya maji ya embe na maziwa, vimefunikwa kwa vitambaa ndani ya beseni la barafu, vilikaa vile vile. Mama mmoja alimvuta mwanawe kwa sikio. Mzee Biu, aliyekuja kumwangalia mjukuu wake, alisimama mbali akitikisa kichwa.

Mwalimu Lindalva akafika. "Haya, tuelezeni."

Damiana alieleza vikombe na jua. Sehemu ya kwamba Cosme aliugua aliieleza Neide mwenyewe, jinsi alivyoyaacha maziwa na jinsi alivyonyamaza, watu wakimtazama. Kisha Cosme akaionyesha karatasi ya manila, mtu mmoja mmoja, kidole kikitoka kwake kwenda kwa Bibi, kwa mama yake Bibi, kwa mkata miwa, mpaka kwa mwenye masharubu.

"Huyu ndiye alisema. Alikuwa mlangoni pa zizi. Ila nilimuuliza Bibi swali moja, hakunijibu."

"Swali gani?" aliuliza mwalimu.

"Na maziwa alikunywa nani?"

Hapo ndipo sauti ikatoka nyuma, karibu na mlango.

"Alikunywa bwana."

Bibi Quitéria alikuwa amekuja peke yake, mwavuli mkononi. Alipita katikati ya volkano akitazama mbele, akasimama mbele ya karatasi. Alimtazama mama yake aliyechorwa na nywele za kijani, akamtazama na yule mwenye masharubu.

"Alikunywa bwana, na wanawe, na wageni wake," alisema. "Bibi yangu alikamua ng'ombe wale na hakujua ladha yake. Bwana alikufa kabla sijazaliwa, na mimi mpaka leo namlindia zizi." Akanyoosha mkono. "Leteni."

"Dona Quitéria!" Mzee Biu alishtuka. "Kwa umri huu!"

"Kwa umri huu hasa, Biu. Nitamwogopa marehemu mpaka lini?"

Akanywa. Akanywa chote, mpaka akagonga kitako cha kikombe kwa kiganja. Akafuta mdomo.

"Sukari haitoshi," alisema.

Hapo ndipo foleni ilipoanza.

Zawadi ilikwenda kwa volkano yenye taa. Waliporudi nyumbani jioni, beseni likiwa tupu na Neide akiwa ndiye mbebaji, Bibi aliwasimamisha mlangoni.

"Sikilizeni, maana sitarudia. Neno la mkubwa liheshimuni, lakini liulizeni limetoka wapi. Lililo la kweli haliogopi kuulizwa. Na anayeuliza awe tayari kujibu na yeye. Juzijuzi huyu dada yenu alinipandishia sauti, na nimemsamehe, kwa sababu angeweza kunyamaza, na sisi wote tungeendelea kudanganyika, naye akiwa ndiye msimamizi mpya mlangoni pa zizi. Kosa likifichwa hupata watoto na wajukuu. Mmenisikia?"

"Tumesikia, Bibi."

Bibi akainama mlangoni, akazigeuza ndala za Cosme zilizolala kifudifudi.

"Na hizo, Bibi?" aliuliza Damiana. "Nani alisema?"

"Hizo ziache," alisema Bibi Quitéria. "Kuvunja moja kwa mwaka kunatosha."