Picha ya Darasa Linalovuja

Saa moja na dakika tano asubuhi ya Jumatatu, watu elfu mbili walikuwa wameshaiona. Ilikuwa kwenye ukurasa wa shule mtandaoni, ule wa kutangazia vikombe na mahafali: dari imetoboka, ndoo tatu sakafuni, na watoto arobaini, wote mikono kichwani, kama wanaojikinga matone. Ilipigwa kutoka nyuma. Vilionekana visogo tu. Chini yake: “Ijumaa pia tumesomea mvuani.”

“Nywila unayo wewe!” mwalimu mkuu alimfokea mwalimu wa kompyuta.

“Mkuu, uliniagiza mwenyewe niibandike kwenye kompyuta ya walimu, isisahaulike.”

“Usinijibu! Kamati inakaa saa nne. Andaa funguo za nyumba.”

Nyumba ilikuwa ya shule. Ndani yake kulikuwa na mke na mtoto wa miezi miwili.

Karani, ambaye wote walimwita Mama Mihuri, aliweka kalamu chini. “Mvua ya Ijumaa ilinyesha saa tisa. Saa tisa hadi kumi kijana huyu alikuwa kwangu, anahangaika na printa.”

“Basi ni mlinzi. Alinuna nilipomnyima koti la mvua.”

Mlinzi aliitwa. Akatoa simu ya vitufe, isiyo na kamera. “Mkuu, hii inapiga tu, tena kwa kubembelezwa.”

Mama Mihuri aliikuza picha kwenye simu yake, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akatoka kupita barazani. Madarasa sita ya mstari ule yalifanana kama mapacha, na yote yalivuja. La kwanza, mwalimu alipiga makofi matatu ili apate utulivu. La pili, aligonga meza. La tatu, sauti nzito ya mwanamke iliita, “Mikono?”

“Kichwani!” watoto wakaitikia.

Saa tatu na nusu, mwalimu wa darasa hilo alikuwa mbele ya mkuu. Shule nzima ilimwita Shangazi. Mkuu mwenyewe alijifunza kusoma kwake.

“Wanaovujiwa ni kumi,” alisema Mama Mihuri, akionyesha picha. “Hawa wa ukutani sakafu yao ni kavu. Wanajikinga nini? Hiyo siyo kinga, ni amri yako, Shangazi.”

Shangazi hakukwepa. “Ni mimi. Nimekuandikia barua tatu, mwanangu. Ukanijibu tusichafue jina la shule. Nikaona ukurasa huu ndio unaousoma kila siku.” Akamgeukia mwalimu wa kompyuta. “Wewe kunisamehe ni hiari yako. Sikujua wangekushika wewe. Mkuu, nifukuze mimi.”

Mkuu alikuwa akipitia maoni chini ya picha, uso umekunjamana, akingoja matusi. Akasoma moja kwa sauti: “Mimi ni mzazi, fundi paa. Mbona hamkusema? Nakuja leo na vijana wangu.” La pili: “Nina mabati kumi na nane, njooni mchukue.”

Akaishusha simu taratibu.

“Shikamoo, Shangazi,” alisema, kama mtoto aliyechelewa darasani.

“Marahaba.”

“Wahamishie watoto ukumbini. Barua zako nitaisomea kamati mimi mwenyewe. Na wewe kijana, rudi kazini.”

Nje, mwalimu wa kompyuta alimpigia mkewe. “Umefika wapi?”

“Vyombo nimeshafunga. Bado nguo za mtoto.”

“Fungua, mke wangu,” alisema, akicheka na kulia. “Fungua vyote.”