Pumzi Iliyofika

Tik, tak. Tik, tak.

Kabla hakujapambazuka, katika nyumba moja ya ghorofa ya kumi na moja jijini Mbeya, mlio huo ndio uliomwambia Mzee Ambilikile kwamba mkewe, Mama Nsekela, bado anapumua. Ulitoka kwenye pafu-meza, mashine isiyozidi ukubwa wa birika, iliyokaa juu ya kimeza karibu na dirisha. Kazi yake ilikuwa kumpulizia hewa mtu ambaye kifua chake kimechoka. Ndani yake mlikuwa na kilango chembamba kama ukucha. Kilipofunguka kilisema tik, na kilipojifunga kikasema tak. Nyumba nyingi za mji ule zilikuwa na mashine hiyo, na wagonjwa waliokuwa wakilala hospitali miaka nenda rudi sasa walilala kwao, wakisikia harufu ya chakula cha kwao.

Mzee Ambilikile alikuwa ameuzoea mlio ule kiasi kwamba hakuusikia tena. Kwa hiyo asubuhi hiyo ya Julai, baridi ikiwa imeganda kwenye vioo, hakugundua kwamba mara moja moja tik ilikuja bila tak.

Mlango uligongwa. Aliinuka, akamfunika mkewe vizuri mabegani, kisha akaenda kufungua.

"Ugonile, mwanangu," alimsalimia kwa Kinyakyusa. "Mbona alfajiri hivi?"

Aliyesimama mlangoni alikuwa binti aitwaye Tulinagwe, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, ambaye miaka yake mitano ya utafiti ingeamuliwa saa tatu asubuhi hiyo. Koromeo lake lilikuwa limezungushiwa utepe mwembamba wa fedha, na nyuma ya sikio alikuwa na kitufe kidogo. Vitu hivyo viwili kwa pamoja viliitwa kinyooshi. Utepe ulizima sauti ya mwenye kuuvaa, ukayapanga maneno yake, kisha ukayatoa yakiwa yamenyooka, bila kusita na bila kukohoa. Kitufe nacho kilisafisha yale aliyoyasikia, kikaondoa kelele zote zisizo za lazima. Pale chuoni, mwanafunzi asiye na kinyooshi alionekana kama aliyekuja darasani bila viatu.

"Shikamoo, Mzee," ilisema sauti nzuri ya kinyooshi. "Naomba tuanze moja kwa moja, kwa kuwa muda ni mfupi."

"Marahaba. Ingia basi. Nikumiminie chai kwanza."

Nenda kwenye hoja, kitufe kilimnong'oneza Tulinagwe sikioni, naye akatii, kama alivyotii katika ziara zake zote zilizotangulia. Chai ilibaki kwenye chupa.

Chuo kilikuwa na utaratibu mmoja uliowanyima wanafunzi usingizi. Kila mtafiti alipewa msikilizaji, mtu wa kawaida kutoka kwenye nyumba ambayo utafiti ule ungeigusa. Mtafiti alipaswa kumweleza mpaka aelewe. Siku ya mwisho, jopo la maprofesa halikumuuliza mtafiti kwanza. Lilimuuliza msikilizaji. Akishindwa kueleza kwa maneno yake mwenyewe, tasnifu ilirudishwa, na mwanafunzi akaondoka mikono mitupu.

Jana yake walikuwa wamefanya jaribio. Mzee Ambilikile, aliyekuwa akiitikia kwa kichwa kila Tulinagwe alipoongea, alipoambiwa aeleze alishindwa.

"Jana hukuweza kusema hata sentensi moja," kinyooshi kilisema sasa. "Ningependa kujua changamoto iko wapi."

Mzee alikaa kwenye kigoda, akasugua magoti. "Nikwambie ukweli?"

"Tafadhali."

"Sijaelewa hata siku ya kwanza."

"Lakini ulikuwa unaitikia!"

"Sasa mgeni amekuja kwangu, anaongea maneno mazuri kama mtangazaji wa redio, nimkatize nimwambie sielewi? Mimi nimelelewa, mwanangu." Akacheka kidogo. "Tena hukuacha hata nafasi ya kuuliza. Mtu akiongea anameza mate. Wewe humezi."

Tulinagwe alihisi uso ukimwaka. Kinyooshi kilianza kumpangia jibu lenye heshima, na kwa mara ya kwanza hakulitaka jibu lile. Alikuwa amekivaa tangu mwaka wa kwanza wa shahada yake ya kwanza, baada ya darasa zima kumcheka kwa kigugumizi chake. Hata na mama yake mzazi alizungumza kupitia utepe ule.

Alifungua utepe. Akatoa na kitufe.

Kelele za nyumba zilimwingia zote kwa pamoja. Bomba lilikuwa linadondosha maji, na lifti ilikuwa ikinguruma ndani ya ukuta. Kisha, kutoka kitandani, akasikia sauti dhaifu, neno moja kwa kila pumzi.

"Ugonile... mwa... nangu."

Tulinagwe aligeuka ghafla. Siku zote alidhani Mama Nsekela hawezi kuongea.

"A-a-anaongea?"

Mzee Ambilikile alishangaa. "Anakusalimia tangu siku ya kwanza uliyokuja. Tukasema labda wasomi hawaitikii wagonjwa."

Kinyooshi kilikuwa kimeifuta sauti ile. Kiliihesabu kuwa kelele.

Tulinagwe alipiga magoti kando ya kitanda ili aombe radhi. Lakini hakupata nafasi ya kuomba. Pale chini, sikio lake likiwa karibu na kimeza, alisikia jambo jingine.

Tik, tak. Tik. Tik. Tik, tak. Tik.

Huo ndio mlio aliousoma miaka mitano maabarani, ndani ya chumba cha barafu, na hakuwahi kuusikia kwenye nyumba ya mtu. Aliziangalia kucha za Mama Nsekela. Zilikuwa zimeanza kuwa za bluu. Kwenye kioo cha mashine taa ilikuwa ya kijani, na maandishi yalisema kila kitu kiko sawa.

"Baba! Ki-ki-ki..."

Neno lilikwama. Mdomo ulifunguka, ukajifunga. Mkono wake ulikitafuta kinyooshi mfukoni, kisha ukakiacha, maana kukivaa upya kungechukua muda ambao mgonjwa hakuwa nao. Mzee hakumharakisha wala hakummalizia neno. Aliinama mbele yake, akamtazama machoni na kungoja.

"Kilango," Tulinagwe alisema. "Ki-kimeganda. Baridi ya dirisha. Hewa i-inarudi nyuma. Haimfikii."

"Mbona taa ni ya kijani?"

"Mashine inahesabu pumzi inazo... inazotuma. Haihesabu zinazofika."

"Nifanye nini?"

"Ule mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono, pale chini. Minya. Achia. Minya. Achia. Usiharakishe."

Tulinagwe alichomoa mrija kwenye mashine, akauchomeka kwenye mfuko, na Mzee Ambilikile akaanza kumpulizia mkewe kwa mikono yake miwili, akimwambia polepole, "Niko hapa, mama, niko hapa." Tulinagwe alilivuta pafu-meza mbali na dirisha. Kitambaa cha moto kilihitajika. Alitazama huku na huku, akaiona chai aliyoikataa. Akaimimina yote juu ya taulo, akalikamua na kuuzungushia mwili wa mashine.

Walingoja. Minya. Achia. Jasho lilimtoka mzee kwenye baridi ile.

Tik.

Tulinagwe alifumba macho.

Tik, tak. Tik, tak. Tik, tak.

Alirudisha mrija mahali pake. Taratibu rangi ya kawaida ikarudi kwenye kucha za Mama Nsekela, na machozi yakamtoka pembeni mwa macho. Mzee aliyafuta kwa kidole gumba, kisha akamwekea Tulinagwe mto sakafuni, maana alikuwa amepiga tena magoti kwenye saruji tupu.

Saa tatu picha ya jopo ilitokea ukutani, mkabala na kitanda. Mzee alikuwa amekataa kabisa kuondoka nyumbani, hivyo chuo kilimfuata huko huko. Maprofesa watatu walikaa kwenye meza ndefu, wote wakiwa na vinyooshi. Mwenyekiti wao alikuwa Profesa Mkwizu, mwanamke wa makamo asiyependa utani.

"Mtahiniwa hajavaa kinyooshi," alisema.

"Ndi-ndiyo, Profesa."

"Sauti yako itatufikia ikiwa na mikato."

"Naomba i-iwafikie hivyo hivyo."

Profesa aliandika kitu, kisha akamgeukia Mzee Ambilikile. "Mzee, huyu binti amegundua nini?"

Mzee alisimama, akavuta shati lake chini. "Mashine hii ina mlango mdogo. Baridi ikiwa kali, mlango hauzibi vizuri, na pumzi inarudi ilikotoka. Lakini mashine yenyewe inajisifu tu: nimetuma, nimetuma. Haimuulizi mgonjwa kama imefika. Dawa yake, iondoeni dirishani, ipasheni joto, na itengenezwe nyingine inayouliza. Asubuhi hii mke wangu alikuwa anakwenda hivi hivi, na taa ya kijani inawaka. Kama bado hamjaelewa, niambieni tu, nitarudia."

Maprofesa walitazamana. Mmoja wao alifunika mdomo.

"Tumeelewa," alisema Profesa Mkwizu. "Tasnifu imepita. Na nyumba zote zenye mashine hizi zitapewa tahadhari leo leo, kabla ya giza." Alingoja shukrani, kisha akakunja uso. "Mnatazama nini? Kuna ukimya mrefu upande wenu. Mawasiliano yamekatika?"

"Hayajakatika, Profesa," alisema Tulinagwe. "Mama a-anaongea."

"Sisikii mtu."

"Kitoe hicho cha sikioni, mama Profesa," alisema Mzee Ambilikile kwa upole.

Profesa Mkwizu alipeleka mkono nyuma ya sikio. Kisha akakitoa kitufe, akafungua na utepe, akaviweka juu ya meza, akasogea karibu na ukuta.

"Samahani, mama," alisema, na sauti yake halisi ilikuwa na mkwaruzo. "Naomba urudie."

Mama Nsekela hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa ameushika mkono wa Tulinagwe. Pafu-meza lilimpa pumzi, naye akaitumia.

"Nilikuwa..."

Tik, tak.

"...namwambia..."

Tik, tak.

"...chai yake... tumemwaga."

Tik, tak. Watu wote wakangoja.

"Aje... tena."