Kibati Namba 318

— Fumba macho.

— Sifumbi. Juzi nilifumba ukaniwekea mjusi mkononi.

Mwalimu wa uchimbaji akacheka. Binti aliyesimama mbele yake, wenzake walimwita Vumbi kwa jinsi alivyotoka shimoni kila jioni kama gunia la unga, alikuwa mwanafunzi wake wa akiolojia. Alikuwa pia mchumba wake, jambo ambalo kambi nzima ilijifanya hailijui.

Walikuwa wakichimba kiwanda cha pamba kilichoungua miaka ishirini na nne iliyopita. Wafanyakazi kumi na mmoja walifia ndani. Kampuni ilisema waliingia kuiba, wakawasha moto wenyewe, na mlango wa ghala ulikuwa wazi, basi tu walizidiwa na moshi. Baba yake Vumbi alikuwa mmoja wao. Vumbi mwenyewe alikuwa bado tumboni. Mama yake akawa "mke wa mwizi" katika kila mtaa aliohamia. Sasa tume ya uchunguzi ilikuwa inangoja ripoti yao.

Mwalimu akafungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na kibati cha shaba cha namba ya mfanyakazi, cha kuvaa shingoni, kimepindwa na moto. 318.

— Namba ya baba! Umekitoa wapi?

— Chini ya mlango wa ghala, Ijumaa, mlipoondoka. Nimekisugua kwa mswaki siku mbili. Nilitaka nikuvishe mwenyewe, kabla ya pete.

— Fomu yake iko wapi?

— Fomu gani, mpenzi?

— Picha! Vipimo! Mlango ulikuwa umelalaje? Na komeo?

Mwalimu akakifumba kiganja.

— Nilipoiona ile namba ikichungulia ukingoni mwa mlango nilipagawa. Nikauinua mlango. Komeo lilikuwa limefungwa kwa nje, na kufuli juu yake, naapa. Lakini kutu ilishalila. Lilivunjikia mkononi mwangu.

Mtu huyuhuyu, siku ya kwanza ya mafunzo, aliwafokea wanafunzi mpaka mmoja akalia, kisa kigae kimoja kilichoinuliwa kabla ya kupimwa.

— Sikiliza, Vumbi. Tunaulaza mlango, tunarudisha kibati, tunapanga vipande vya komeo, tunapiga picha. Si uongo. Ndivyo ilivyokuwa.

Na kibaya zaidi, Vumbi alishawishika. Akampigia mama yake, akamweleza yote bila kuficha.

— Tukipanga hivyo baba atasafishwa, mama.

— Na wakigundua?

— Huenda wasigundue.

— Mwanangu, miaka yote hii wametuita waongo bila sababu. Usiwape sababu.

Simu ikakatwa. Vumbi akachukua kalamu, akamsogezea Mwalimu.

— Andika ulichofanya. Kwa mkono wako.

— Nikiandika, sifundishi tena popote.

— Najua.

— Na sisi je?

— Andika kwanza.

Aliandika kurasa mbili, zikaambatishwa kwenye ripoti ya tume. Kibati kikatiwa kwenye mfuko wa plastiki, kikabandikwa lebo, kikaenda stoo.

Wiki tatu baadaye Vumbi alimtumia Mwalimu ujumbe: "Tume imesema haikuthibitika kama mlango ulifungwa. Usinipigie."

Jibu likaja: "Nimefukuzwa, na nimestahili. Niruhusu nije nimwombe mama radhi."

Vumbi alilikodolea macho mpaka kioo cha simu kikazima, kisha akaandika: "Njoo. Mimi sina la kukwambia."

Mwalimu alipiga magoti sebuleni kwa mama yake Vumbi, viatu mkononi kama mtu aliyevuka tope.

— Mama, nisamehe.

— Sikusamehe. Leo mume wangu angekuwa mtu safi.

— Ni kweli, mama.

Akainuka, akaelekea mlangoni.

— Nani kakwambia uondoke? Lile komeo, lilikuwa limefungwa?

— Limefungwa, mama. Kwa nje.

— Na yeye?

— Kibati kilikuwa palepale kwenye kizingiti. Alifika mlangoni.

Mama alijifunika uso kwa upande wa kanga, mabega yakamtetemeka. Vumbi hakuwahi kumwona akilia, si kwa matusi ya majirani, si kwa barua ya tume. Alipofunua uso, sauti ilikuwa imekauka.

— Dunia nzima ni wewe tu uliyeuona mlango ule umefungwa, mjinga wewe. Vumbi, mpe kiti.

Vumbi akaleta kiti. Hakumtazama. Kisha akaleta na chake, akakiweka kando ya kile cha Mwalimu, akakaa.

— Haya, alisema mama. — Nieleze tena. Polepole.