Asumini ya Joviana

Byarugaba wa Nyanga hakuwa na baiskeli. Hakuwa na bati juu ya nyumba yake, wala koti la kwendea kanisani. Mke hakuwa naye tena, maana Joviana alifariki mwaka uliopita. Tena hakuwa amewahi kuandika barua kwa mkono wake, ingawa alikuwa ameanza darasa la watu wazima.

Alichobaki nacho ni asumini aliyoipanda Joviana. Ilikuwa imetambaa ukutani hadi ukingo wa paa, kijani mwaka mzima, na maua yake meupe yalinukia hadi migombani.

Lakini ukuta ulikuwa umeoza. Baada ya Noeli mafundi wangeubomoa, na shina lilikuwa limeshikana nao. Binti yake Georgina, aliyeolewa huko Rubya, akaagiza: "Tata, ua la mama lisife. Nipatie mche."

Byarugaba akafanya kama wanavyopanda mlamula, mti wa mpakani: akakata vijiti vinene, akavichomeka ardhini. Vikakauka. Akachomeka vingine. Navyo vikakauka.

Jirani yake Kokuhirwa, mtunza bustani ya misheni, akapita akacheka.

"Ta Byarugaba, unapanda ua au unaweka mpaka?"

"Usinicheke, Ma Kokuhirwa. Ni la Joviana."

Kokuhirwa akatua kikapu chake.

"Mlamula huota popote. Asumini ni mtoto mchanga, usimwachishe ziwa mapema."

Akachagua matawi mawili machanga ya chini, bila kuyakata. Akayakwangua gome kidogo chini ya kifundo. Akayalaza katika udongo wenye samadi iliyooza, akayabana kwa vijiti vya panda, akayafukia. Ncha akaziacha nje.

"Mwagilia, udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Baada ya miezi mitatu vuta polepole. Tawi likigoma, limeota mizizi. Hapo ndipo ulikate upande wa mama."

"Upande wa mama," Byarugaba akarudia taratibu.

Kila asubuhi alimwagilia, akinong'ona, "Mmelalaje?"

Siku moja sauti ikajibu kutoka ng'ambo ya uzio: "Tumelala vema, Ta!" Alikuwa Kokuhirwa. Wakacheka wote wawili.

Wiki moja kabla ya Noeli alivuta. Matawi yakagoma. Akayakata, akayachimbua pamoja na udongo wake, akayafunga kwa maganda ya mgomba. Kisha akachukua kalamu.

"Georgina, ua la mama yako lina mizizi yake sasa. Njoo uchukue mche mmoja. Wa pili nitaupanda hapa mlangoni. Nimeandika mwenyewe. Tata."

Akatia ndani ua moja jeupe. Akalamba bahasha, akaibana kwa kidole gumba, akatembea hadi posta ya Bukoba, akaitumbukiza sandukuni.